Kalenda Kwanza: Mwongozo wa Kuendesha Timu ya Kandanda ya Wanaume katika Vyuo vya Garissa

Mwongozo huu ni wa watu wa kazi: wasimamizi wa michezo, makocha, wahasibu na wahadhiri walezi wa timu katika Chuo Kikuu cha Garissa, kampasi ya chuo cha tiba cha KMTC mjini, North Eastern National Polytechnic, na vyuo vinavyochipuka Wajir na Mandera. Unahusu timu ya kandanda ya wanaume. Ndiyo timu inayosafiri sana na kula fedha nyingi, na ndiyo inayoleta lawama nyingi mambo yakiharibika. Anayesimamia voliboli au mpira wa vikapu atapata humu mengi ya kumfaa.

Msimamo wa mwongozo ni huu: timu ya chuo ni kazi ya chuo. Si mali ya kocha, si ya chama cha wanafunzi, wala si ya mfadhili aliyeleta jezi. Mchezaji wake ni mwanafunzi aliyekuja kutafuta shahada au stashahada, na fedha yake ni karo ya wazazi na kodi ya wananchi. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu vikombe, msimamizi ahesabu wachezaji waliohitimu kwa wakati wao, na aangalie kama vitabu vya fedha vimefungwa bila hoja ya mkaguzi. Timu inayoshinda huku wachezaji wake wakirudia mwaka imeshindwa.

Kalenda

Kwingineko msimamizi huanza na kocha. Garissa, aanze na kalenda. Kabla ya kuomba fedha na kabla ya kuita vijana kwa majaribio, chukua karatasi moja pana uandike juu yake mihula ya chuo, majira ya mwaka, nyakati za ibada na ratiba za mashindano. Matatizo mengi ya timu za huku, ukiyafuatilia hadi chanzo chake, yangeonekana mapema kwenye karatasi hiyo kama kungekuwa na mtu wa kuichora.

Tuanze na jua. Miezi ya mwisho ya kiangazi cha Jilaal, yaani Februari na Machi, ndiyo mikali kuliko yote, na mchana joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia papo hapo: mwaka 2025 ilikuwa Machi, mwaka 2026 ikaanza katikati ya Februari, na kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11. Muhula wa Januari nao unakuwa umefika katikati, na majaribio ya darasani yanaendelea. Mechi ya saa nane mchana katika majuma hayo ni kosa la ratiba, na kosa la ratiba hurekebishwa kwa barua iliyoandikwa mapema. Andikia chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini, au tawi la FKF, shirikisho la kandanda nchini, ikiwa timu imo katika ligi zake, kabla ratiba haijachapishwa. Omba mechi za nyumbani zianze saa kumi jioni, na eleza sababu zote mbili, joto na funga, bila kuona haya. Waandaaji walio Nairobi hawawezi kujua hali ya Garissa wasipoambiwa.

Garissa iko karibu mno na ikweta, kwa hiyo saa ya magharibi haisogei sana mwaka mzima. Jua huzama baada kidogo ya saa kumi na mbili jioni. Kati ya swala ya alasiri na magharibi mna saa mbili na zaidi kidogo. Huo ndio muda wa mazoezi yako, na ni mzuri kama utautumia wote. Usipotee kwa kumsubiri kocha wala kwa kutafuta pampu ya kujazia mipira upepo. Zoezi likome mapema vya kutosha ili mtu aoge na awahi swala ya jamaa. Asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu, inafaa kwa mazoezi ya viungo mara mbili kwa juma, siku ambazo wengi hawana kipindi cha kwanza.

Katika Ramadhani, punguza. Mazoezi mepesi ya mpira na mbinu yafanyike saa ya mwisho kabla ya futari, na kazi nzito ifanyike baada ya tarawehe kama uwanja una taa na ulinzi unaruhusu. Kama hauna, acha kazi nzito mpaka Shawwal. Kiwango cha mchezo kitashuka kidogo na kitarudi. Mchezaji asiyefunga anywe maji yake kwa uhuru. Joto lile halichagui dini. Mchezaji anayefunga asiulizwe mbele ya wenzake kama atafungua siku ya mechi. Jambo hilo ni lake na Mola wake, na kocha hana neno ndani yake.

Mvua nazo zina hesabu yake. Barabara ya Nairobi huvuka mto Tana pale mjini na kupita Madogo na Mororo, bonde linalofurika mto ukijaa. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata njia hiyo, na ya mwaka uliofuata yakaikata tena. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha abiria Kona Punda ilizama na watu wakafa. Iwe kanuni iliyoandikwa: timu haivuki maji kwa mashua ili kuwahi mechi, hata kama pointi zitapotea. Mechi za ugenini zipangwe nje ya kilele cha mvua za Gu (masika) na za Deyr (vuli) kadiri mwandaaji atakavyokubali, na asipokubali, barua ya tahadhari iwe imekwisha kutumwa na nakala yake iwe ndani ya faili.

Kuna siku moja ambayo timu ya Chuo Kikuu cha Garissa haipaswi kucheza wala kusafiri, nayo ni tarehe 2 Aprili. Siku hiyo mwaka 2015 watu 148 waliuawa chuoni hapo, wengi wao wanafunzi. Masomo yalifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka uliofuata chuo kikapata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili. Timu ihudhurie kumbukumbu ikiwa imevaa sare ya chuo.

Mwisho, weka kwenye karatasi hiyo miezi ambayo wachezaji hawapo. Wanafunzi wa ualimu huenda mazoezi ya kufundisha muhula mzima, wa KMTC hupelekwa wodini kwa zamu, na wa vyuo vya kiufundi huenda viwandani na karakana. Kocha anayeligundua hili mwezi wa Mei hupoteza safu nzima ya ulinzi kwa siku moja. Anayelijua mwezi wa Septemba husajili wachezaji wa mwaka wa kwanza na wa pili wa kutosha kuziba pengo.

Watu

Timu kamili huwa na kocha mkuu, kocha msaidizi, meneja, mhudumu wa afya, mlezi wa masomo na mtunza vifaa. Vyuo vingi vya huku haviwezi kuajiri wote. Kama fedha zinatosha watu wawili tu, lipa kocha na meneja, kisha omba idara ya afya na idara za masomo zitoe watu wao kwa barua rasmi ya kuwapunguzia kazi nyingine. Naona meneja mzuri anafaa kuliko kocha wa pili. Ndiye anayejua nani ana kitambulisho kilichokwisha muda, basi lina mafuta kiasi gani, hoteli ipi imelipwa, na barua ipi haijajibiwa.

Kocha awe na leseni ya CAF, walau ya daraja D, na awe na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa idara ya upelelezi, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajafika miaka 18. Mkataba wake uandikwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, lakini hata wa miezi miwili uandikwe pia. Ndani yake yawemo mambo yanayosahaulika: kwamba kocha hana mamlaka ya kuahidi nafasi ya masomo wala msamaha wa karo, kwamba hapokei fedha za timu kwenye simu yake, kwamba mchezaji aliyezuiwa na ofisi ya masomo hachezi. Makocha wengi wa mji huu ni walimu wanaofundisha pia vilabu vya mtaani. Hilo si baya, na mara nyingi ndiyo njia pekee ya kupata mtu mwenye uzoefu. Ila aliandike mwanzoni, na mwanafunzi asisajiliwe katika klabu ya kocha wake bila idhini ya chuo.

Uteuzi wa wachezaji ndio mahali ambapo timu za huku huvunjika kimyakimya. Mji ni mdogo na jamaa ni wengi. Simu itapigwa, mzee ataombwa aseme neno, na kocha atajikuta anaelezea ukoo badala ya mpira. Mkinge kocha wako. Majaribio yasimamiwe na watu watatu, mmoja wao asiwe na ndugu wala jirani kikosini. Kila mmoja ajaze alama zake kwenye karatasi yake bila kushauriana, na majina yabandikwe ubaoni pamoja na siku ya majaribio yajayo. Mtu akipiga simu, msimamizi amjibu kwa heshima kwamba karatasi zipo ofisini. Wanafunzi wa vyuo hivi wametoka Kenya nzima, Kakamega na Kisii, Machakos na Lamu, pamoja na wenyeji wa Garissa, Wajir na Mandera. Mgeni asione kikosi ni cha wenyeji, wala mwenyeji asione timu imechukuliwa na wageni. Lugha ya uwanjani iwe Kiswahili, ili kila mtu asikie maelekezo yaleyale kwa wakati uleule.

Wachezaji kutoka kambi za Dadaab wanahitaji uangalifu wa pekee. Mwanafunzi mkimbizi hawezi kupanda basi kwenda Nairobi kama wenzake. Anahitaji kibali cha kusafiri kutoka idara ya serikali inayoshughulikia wakimbizi. Kibali huombwa mapema, si usiku wa kuamkia safari. Meneja anayelisahau hili anamwacha kijana stendi mbele ya wenzake, na aibu ile haisahauliki upesi. Mara tu kalenda inapokamilika, peleka maombi ya safari zote za muhula kwa pamoja.

Fedha

Fedha ya timu hutoka kwenye ada ya michezo iliyo ndani ya karo, kwenye bajeti ya idara, na pengine kwa wafadhili. Ada ya michezo ni ya wanafunzi wote, wanaume kwa wanawake. Katiba inakataza ubaguzi wa jinsia, na hata ingekuwa kimya, haki ingebaki palepale. Timu ya wanaume isile fungu lote kisha wasichana wakaambiwa hakuna basi. Msimamizi aandike kwanza mgao wa kila timu, mkuu wa chuo autie saini, ndipo bajeti ya kandanda ianze.

Bajeti isijengwe kwa kuongeza kidogo juu ya mwaka jana. Ijengwe kwa safari, moja baada ya nyingine. Tuseme timu inakwenda Nairobi kwa mechi ya Jumamosi: wachezaji 20 na wasimamizi watano, dereva akiwemo. Wanaondoka Ijumaa alfajiri na kurudi Jumapili. Hiyo ni vitanda 50. Milo mitatu kwa siku tatu ni sahani 225. Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370, kwenda na kurudi 740. Ongeza 60 za mizunguko ya mjini, upate 800. Basi linalotembea kilomita nne kwa lita litakunywa lita 200. Weka bei ya leo ya kitanda, sahani na lita, ongeza maji ya njiani, posho ya dereva, ada ya mashindano na akiba ya kuharibikiwa njiani. Sasa una bei ya safari moja. Izidishe kwa safari zilizo kwenye kalenda. Ukiona fungu halitoshi, punguza safari sasa, kwenye karatasi. Safari inayokatwa katikati ya msimu huacha wachezaji wamekata tamaa na faini ya kutotokea uwanjani.

Vifaa navyo vina bei ya mahali. Miti ya mathenge imeenea Garissa nzima, na miiba yake hutoboa mipira na kupenya njumu. Chuo chenye uwanja wa mchanga uliozungukwa na mathenge kitamaliza mipira upesi kuliko chuo cha Thika. Basi ni nafuu zaidi kulipa vijana wafagie uwanja na kukata mathenge ya kando kila juma kuliko kununua mipira kila mwezi. Mtunza vifaa awe na daftari: kilichotoka, aliyekichukua, kilichorudi. Jezi ni mali ya chuo hadi siku ya kuondolewa rasmi kwenye orodha, hata ikiwa imechakaa.

Vyuo vya umma vinafungwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, na haitakusubiri kwa sababu mechi ni kesho. Orodha ya mahitaji ya mwaka iingie kwenye mpango wa ununuzi wa chuo kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai. Usigawanye agizo moja vipande vipande ili kukwepa zabuni. Mkaguzi huanzia hapo. Sheria imetenga pia asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wapo wenye maduka hapa mjini waliojiandikisha. Wape nafasi kabla hujaagiza kutoka Nairobi.

Masurufu ya safari ndiyo yanayowaingiza wasimamizi waaminifu matatani. Anayepewa ni mtu mmoja, kwa jina lake, na kanuni za fedha za umma humtaka ayarejeshee hesabu ndani ya siku saba za kazi baada ya kurudi kituoni. Asiporejesha, hukatwa mshahara, na masurufu mapya hapewi. Kwa hiyo beba bahasha ya risiti tangu stendi. Mama wa chakula asiye na kitabu cha risiti aandikiwe hati ya malipo, atie saini au dole gumba, na shahidi atie yake. Kila fedha inayoingia, iwe ya mdhamini au mchango wa wahitimu, iingie akaunti rasmi ya chuo na itolewe risiti. Namba ya simu ya meneja si akaunti, hata kama meneja ni mtu wa swala tano.

Kuhusu wadhamini, mjifunze kwa yaliyowapata wakubwa. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoacha kudhamini michezo nchini, Gor Mahia na AFC Leopards walijikuta hawana mishahara. Mfadhili alipie nyongeza, kama jezi za pili au kambi ya mazoezi, lakini mlo na basi vilipwe na chuo. Ushauri wangu kwa vyuo hivi ni kukataa kabisa fedha za kamari, kwa sababu za dini na za mchezo wenyewe. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliocheza Ligi Kuu ya Kenya kwa kupanga matokeo. Mwanafunzi mwenye njaa na simu mkononi ndiye anayewindwa. Aambiwe waziwazi, mwanzoni mwa kila muhula, kwamba kubashiri mechi yake mwenyewe ni mwisho wa uchezaji wake chuoni.

Swali la ufadhili wa masomo huulizwa kila mwaka: kwa nini chuo kisimlipie mchezaji bora karo yote? Tazameni Marekani, ambako fedha za michezo ya vyuo ni nyingi kuliko kwingine kokote. Huko, kwa miaka mingi, timu ya besiboli ya wanaume ya daraja la juu iliruhusiwa jumla ya ufadhili kamili 11.7 tu, kwa kikosi kilichozidi wachezaji 30. Makocha waliugawa vipande: huyu robo, yule nusu, mwingine vitabu. Kikomo hicho kiliondolewa msimu wa 2025–26 kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano mapya, na mahali pake pakawekwa kikomo cha wachezaji 34. Kama chuo tajiri kiligawa vipande, chuo cha Garissa hakina haya ya kufanya hivyo. Malazi bure kwa muhula mmoja, chakula cha mchana siku za mazoezi, au kazi ya malipo maktabani vinawafikia wachezaji wanane mahali ambapo karo kamili ingemfikia mmoja. Uamuzi ufanywe na kamati ya ufadhili ya chuo, kwa kuangalia hali ya nyumbani na alama za darasani, na barua ioneshe tarehe ya mwisho wa msaada.

Masomo

Hapa msimamizi awe mkali. Kocha hufukuzwa akishindwa na husifiwa akishinda. Hakuna anayemuuliza nani amehitimu. Ofisi ya michezo ndiyo inayopaswa kuuliza.

Mlezi wa masomo awe mhadhiri anayeheshimiwa na wenzake. Mwanzoni mwa muhula akusanye ratiba ya kila mchezaji, na kila juma la nne na la nane apate kwa walimu mahudhurio na alama za majaribio. Mchezaji aliye chini ya kiwango cha mahudhurio kinachotakiwa na chuo akae nje ya kikosi hadi arekebishe. Iwe hivyo kwa nahodha na kwa kipa wa akiba, kwani siku kanuni itakapomruka mfungaji bora, wachezaji wote watajua kwamba haipo.

Marekani wana kanuni nyingine inayofaa kuigwa: mchezaji wa chuo hatakiwi kuzidisha saa 20 za mazoezi na mechi kwa juma wakati wa msimu, na lazima apate siku moja ya mapumziko kamili. Huku, ambako mchezaji wetu hana mwalimu wa ziada wala chakula maalumu, saa 10 zinatosha pamoja na mechi. Siku ya mapumziko iwe Ijumaa, isipokuwa juma la safari. Majuma mawili kabla ya mitihani ya mwisho mazoezi yapungue hadi mara mbili, na katika juma la mitihani yasiwepo.

Safari zinazogusa vipindi zihitaji barua kwa kila idara siku kumi kabla, yenye majina, namba za usajili, na vipindi vitakavyokosekana. Barua iombe jaribio la fidia, isidai. Wahadhiri wengi hukubali wakiombwa mapema, na hukataa, kwa haki, wakipewa taarifa na mchezaji aliyesimama mlangoni na begi mgongoni. Ndani ya basi pawe na saa moja ya kusoma asubuhi, mwanga ukiwepo na barabara ikiwa nzuri. Anayekwenda mazoezi ya kufundisha au wodini asiitwe kurudi kwa mechi ya ligi. Akirudishwa, huwa amewaacha wanafunzi au wagonjwa wake, na alama za kazi hiyo ndizo zitakazompa ajira.

Majina yanayopelekwa kwa waandaaji yathibitishwe na ofisi ya msajili. Kuchezesha asiye mwanafunzi, au aliyeacha masomo, hufuta matokeo na huchafua jina la chuo kwa miaka. Msajili asitie saini orodha aliyoletewa dirishani dakika za mwisho. Apewe siku tatu za kuikagua.

Joto, ajali na safari

Mwanafunzi aliyetoka Nyahururu au Kericho anahitaji siku kati ya saba na 14 mwili uzoee joto. Mwanzoni mwa muhula mazoezi yaanze nusu ya nguvu na kuongezwa polepole, hata kwa wenyeji waliotoka likizo. Maji yawe uwanjani kabla ya mpira. FIFA hushauri mapumziko ya kunywa maji, mara moja kila kipindi, kipimo cha joto na unyevu kikifika 32. Garissa yafanyike katika kila mechi bila kusubiri kipimo.

Mchezaji akiyumba, akiongea ovyo, akawa na ngozi ya moto, msimsubirishe. Mpozeni kwanza, msafirisheni baadaye: kivulini, avuliwe jezi, amwagiwe maji mengi au alazwe ndani ya beseni kubwa lenye maji na barafu, huku ambulansi ikiitwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Dakika zinazopotea kumpakia garini akiwa bado anaungua ndizo zinazoua. Beseni hilo na barafu vinunuliwe kabla ya jezi mpya. Kila mchezaji awe amejisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na namba yake iwe kwa meneja. Taarifa za ugonjwa wake zisisambazwe katika kundi la simu la timu; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda.

Safari ianze alfajiri na iishe kabla ya giza. Ijumaa, panga kituo cha swala Mwingi au Thika. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala, lakini hilo aliamue mwenyewe. Kituo cha polisi kipewe orodha ya abiria, namba ya gari na njia. Kwa safari za Wajir na Mandera fuata maelekezo ya vyombo vya usalama, hata yakichelewesha timu siku nzima. Saa ya kuondoka na njia visitangazwe mitandaoni na mtu yeyote, kocha akiwemo. Wazazi wengi waliomleta kijana wao Garissa walifikiri mara mbili kwa sababu ya yale ya 2015. Kwa hiyo nakala ya orodha ya basi pamoja na namba za simu za wazazi ibaki chuoni kwa mtu anayekesha.

Faili za timu

Makocha na mameneja huhama. Kalenda, mikataba, karatasi za majaribio, daftari la vifaa, ripoti za mahudhurio na hesabu za kila safari zikae ofisini kwa msimamizi wa michezo, zisikae kwenye kompyuta ya mtu. Anayeondoka atie saini ya makabidhiano kabla ya kulipwa mshahara wake wa mwisho. Kwenye faili hiyo iwepo orodha ya kila mchezaji aliyewahi kuvaa jezi ya chuo, mwaka alioingia na mwaka aliohitimu. Kama orodha hiyo haipo leo ofisini kwako, ianze juma hili, kwa majina ya kikosi ulichonacho sasa.